Mpaka Aseme Ndivyo

Jumapili, tarehe 2

Kitanda changu ni cha juu, karibu na dirisha, na kinalia kila nikijigeuza. Nami sijatulia tangu nipande. Msichana wa kitanda cha chini alinipa mkono, akasema "Karibu," akarudi kwenye kitabu chake kana kwamba neno hilo moja limemchosha.

Hii ni kambi ya mdahalo. Mwezi mzima wa likizo tunalala hapa, tunakula hapa, tunafundishwa kubishana. Mwalimu wangu wa darasa ndiye aliyenipendekeza. Mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, alipopata habari aliangua kicheko akiwa katikati ya kumsuka mteja. "Huyu mnampeleka akafundishwe kubisha? Huyu angelipwa akafundishe!"

Naandika haya kwa sababu ya Mama. Alinisindikiza mpaka langoni, akaweka begi langu chini, na hapo ndipo alipoona panafaa kunieleza. Hospitali moja ya ng'ambo imempa kazi. Mama ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na huko wanamtaka kwa miaka mitatu, peke yake, bila mtoto. Mimi nitakaa kwa Mama mdogo. Wanataka jibu Jumatatu ile baada ya kambi kufungwa.

"Nimeamua uamue wewe," akasema. "Tumebaki wawili tu tangu baba yako atutoke, siwezi kukukatia shauri kubwa hivi. Siku ya kufunga nitakuja, unipe jibu. Na ukisema nibaki, nabaki, wala sitakulaumu."

Akanitengeneza kola, akaondoka bila kugeuka.

Jibu ninalo. Nilikuwa nalo kabla hajamaliza kusema: hapana. Kinachonikosesha raha ni namna ya kulisema bila kuonekana mchoyo. Pengine ndiyo maana Mungu kanileta kambi ya kubishana.

Jumatatu, tarehe 3

Mwalimu wetu anaitwa Kocha na hataki jina lingine. Ujanani alikuwa refa wa netiboli, na filimbi bado anaivaa shingoni. Ukizidisha muda wako anaipuliza mpaka masikio yanawasha.

Sheria ya kambi ni moja, na katueleza leo akitembea katikati ya madawati. "Hapa humjibu mtu kabla hujamrudishia maneno yake. Umwambie hoja yake kwa maneno yako wewe, tena vizuri, mpaka mwenyewe aseme 'Ndivyo.' Akisema 'Sivyo,' unaanza upya. Na saa yako inakwenda."

Mvulana mmoja mwenye tai akanyoosha mkono. "Kwa heshima na taadhima, Kocha. Je, kama mwenzangu kasema upuuzi?"

"Mrudishie upuuzi wake vizuri."

Tukacheka. Mvulana yule alishaitwa Wakili kabla ya chakula cha mchana. Anavaa tai hata kwenye uji.

Mimi jina langu nimelipata kwa aibu. Kocha alikuwa anaandika ubaoni, akasimama, akatega sikio. "Nani anashona humu ndani?" Wote wakainama kutazama chini ya dawati langu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka wenyewe, kama kawaida yake. Sasa naitwa Cherehani. Msichana wa kitanda cha chini anaitwa Nukta, maana sentensi zake huisha punde tu zinapoanza. Alipoambiwa ajieleze mbele ya darasa alitaja shule yake, akasema analelewa na bibi yake, akamaliza: "Hayo tu."

Jumanne, tarehe 4

Mvua. Ukumbi wetu ni wa bati, na ikinyesha hakuna hoja inayosikika. Tulikaa tukitazamana kama watu waliokosana.

Jumatano, tarehe 5

Mvua tena. Nimezipanga hoja za kumzuia Mama, nikazipangua, nikazipanga. Nilianza na ile ya kwamba sijui kupika wali usioungua, nikaona aibu, nikaifuta. Kisha nikaandika kwamba miaka mitatu ni mingi. Nikaitazama sana hoja hiyo. Ni ya kweli lakini haina meno.

Ijumaa, tarehe 7

Wakili kanichezea leo. Mada ilikuwa kama wanafunzi wavae sare. Alitoa hoja zake kwa maneno marefu marefu, nami nikamrudishia. "Sivyo," akasema. Nikamrudishia tena. "Sivyo kabisa." Mara ya tatu nilimrudishia neno kwa neno, naye akatabasamu. "Kwa heshima na taadhima, sivyo." Filimbi ikalia kabla sijasema hata hoja moja ya kwangu.

Nilitaka kumrukia. Nilimwambia Kocha kwamba yule anatumia sheria vibaya, naye akanijibu kwamba nami nina mwezi mzima wa kutafuta dawa yake. Mwalimu gani huyu? Nilikula maharage bila kuyasikia ladha.

Jumapili, tarehe 9

Jumapili ni siku ya simu. Tunapanga foleni nje ya chumba cha mlezi wa bweni, mwanamke mnene mpole anayefuma kofia za watoto wa watu asiowajua, na kila mmoja anapewa simu yake kwa muda mfupi.

"Umekula?" Mama akauliza.

"Nimekula."

"Unalala vizuri?"

"Kitanda kinalia."

"Umefikiria?"

"Nafikiria, Mama."

"Usiharakishe. Na ukisema nibaki, mwanangu, sitakulaumu. Ujue hilo."

Kalirudia tena. Mtu asiyelaumu hana haja ya kutangaza. Nimelala kifudifudi naandika, na hasira zimenijaa: anataka kwenda, ananipa ufunguo mkononi huku anauvuta. Nikisema hapana, atabaki, na kila atakaporudi kazini amechoka nitaiona ng'ambo machoni pake.

Bado nitasema hapana.

Jumanne, tarehe 11

Nimemweza Wakili!

Mada: simu zirudishwe kwa wanafunzi kila siku. Yeye alipinga. Hoja zake zilikuwa hovyo, zimevaa tai tu. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikamtengenezea hoja yake upya. Nikaisema vizuri kuliko alivyoisema yeye, nikamwongezea na mfano wa mtoto anayepokea habari ya msiba katikati ya mtihani, jambo ambalo hakuliwaza kabisa. Ukumbi mzima ukampigia makofi yeye. Nikamgeukia. "Ndivyo?"

Angesemaje "Sivyo"? Angeitupa hoja nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo. "Ndivyo," akasema, kwa sauti ndogo isiyo na heshima wala taadhima.

Kisha nikaibomoa.

Kocha aliniita pembeni baadaye. Nilitegemea sifa. Akasema, "Umemsikia vizuri leo kwa sababu ulitaka kumpiga. Siku utakayomsikia mtu hivyo bila kutaka kumpiga, nitakupa filimbi hii." Sikuelewa, ila niliitamani filimbi.

Jumatano, tarehe 12

Mvua. Soksi hazikauki. Bweni zima linanuka soksi.

Alhamisi, tarehe 13

Kwenye meza ya Kocha kuna kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Kila mmoja atumbukize mada anayotaka ijadiliwe siku ya kufunga, mbele ya wazazi. Zitachaguliwa chache.

Wazo lilinijia nikiwa bado nimeshika kalamu. Niliandika: *Mzazi anaweza kwenda kufanya kazi mbali na mwanawe kwa miaka, na asiwe amekosea.* Nikaandika jina langu chini, nikatumbukiza. Nitasimama kupinga. Mama atakuwa amekaa hapo mbele, atanisikia nikisema yote, kwa utaratibu, na watu wakipiga makofi. Sitahitaji tena kumwambia hapana nikimtazama usoni. Nitakuwa nimeshamwambia.

Nimefurahi mpaka nimemsimulia Nukta. Akasema, "Sawa."

Ijumaa, tarehe 14

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mada yangu imechaguliwa. Kocha akaisoma, akaniita mbele, nikaenda nikijitutumua. "Upande gani unaupenda?" Nikasema napinga, kwa nguvu zote. "Vizuri. Basi utatetea."

Nikadhani anatania.

"Hapa mwenye kuleta mada hupewa upande asioupenda. Kila mwaka. Hamkuuliza." Akapuliza filimbi kidogo kunyamazisha vicheko. "Atakayepinga ni Nukta."

Nukta! Yule asiyeweza kuomba chumvi kwa sentensi nzima atasimama mahali pangu, aseme maneno yangu. Nami nitasimama mbele ya Mama nimwambie aende. Nilimfuata Kocha mpaka mlangoni kwake nikimsihi abadilishe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanirudishia maneno yangu yote, taratibu, bila kukosea hata moja. Ikabidi niseme "Ndivyo." Akasema, "Nimekuelewa. Utatetea." Akafunga mlango.

Jumapili, tarehe 16

Leo simu aliipokea Mama mdogo, Mama alikuwa bafuni.

"Mwanangu! Unawapiga huko?"

"Tunabishana tu, Mama mdogo."

"Nimeshatoa viti vya wateja kile chumba cha nyuma. Nimekipaka rangi. Kuna nywele kidogo kwenye rangi, lakini ukuta unapendeza."

"Nani kasema nakuja?"

"Nani kasema huji? Chumba kupakwa rangi ni dhambi?"

Nikakata simu kabla Mama hajatoka bafuni. Kwa hiyo limeshaamuliwa. Wamepaka ukuta, wamehamisha viti, mimi nimeachiwa kupiga muhuri tu. Mlezi wa bweni aliniangalia juu ya sindano zake akauliza kama kuna tatizo nyumbani. Nikamwambia hakuna. Nimezunguka bweni mpaka viatu vimelowa.

Jumatatu, tarehe 17

Mvua. Sina hoja hata moja ya upande wangu. Mguu unashona.

Jumanne, tarehe 18

Mvua. Wakili kaniletea hoja tano, zote zina neno "uchumi". Nimemshukuru. Anajitahidi, maskini, na siku hizi tai anaivaa mchana tu.

Jumatano, tarehe 19

Nimegombana na Nukta, kama inawezekana kugombana na mtu asiyejibu.

Tulikuwa kwenye masinki ya kufulia, nyuma ya bweni. Nilikuwa namchunguza tangu juzi, maana najua analelewa na bibi, na mama yake anafanya kazi mbali. Niliona ana hazina ya hoja na anaikalia. Nikamuuliza, "Mama yako alipoondoka ulilia?"

"Nililia."

"Halafu?"

"Nikazoea."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Nikalipuka. Nikamwambia yeye ana bahati, kwake jambo limekwisha, anaweza kukaa kimya na kuonekana mwenye busara, na kesho keshokutwa atasimama ukumbini kwenye upande wangu, wakati mimi mama yangu mzazi amenibebesha niamue kama aende au abaki, na hata kulala silali. Nilisema kwa sauti mpaka wasichana wa sinki la pili wakahama.

Nukta akaacha kukamua soksi. "Amekuuliza?"

"Nimekwambia. Ndiyo."

"Amekuuliza wewe? Aende au abaki?"

"Ndiyo!"

Akakaa kwenye ukingo wa sinki. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akisema tangu tufike, na nayaandika hapa yasije yakanitoka.

"Mimi sikuulizwa. Niliamka nikakuta viatu vyake havipo mlangoni. Bibi akasema amekwenda. Nilimkasirikia mwaka mzima. Akipiga simu namkasirikia, akituma nguo naivaa huku nimekasirika. Naye alivumilia, hakuweza kusema 'mbona wewe ulikubali.' Ile hasira ilinisaidia, nilikuwa na mahali pa kuiweka. Sasa wako akienda, wewe utamkasirikia nani? Na akibaki, yeye atamkasirikia nani?"

Akarudi kwenye soksi yake. Nilisimama pale mpaka maji ya sinki langu yakamwagika miguuni.

Alhamisi, tarehe 20

Jana usiku sikulala, na leo sina la kuandika. Atamkasirikia nani?

Jumamosi, tarehe 22

Jua! Tumeanika kila kitu, mpaka magodoro. Wakili kaanika tai. Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, tarehe 23

"Umekula?" Mama.

"Nimekula. Zamu zikoje?"

Akanisimulia mapacha waliozaliwa alfajiri, wa pili kakataa kulia mpaka alipomkunja miguu na kumfikicha mgongo kwa taulo. Mama akisimulia habari za wodi sauti yake hubadilika, hupata haraka fulani. Nilimsikiliza kwa makini, kama ninavyofundishwa hapa, na sikuwa nataka kumpiga.

"Umeshanunua begi?" nikamuuliza.

"Begi la nini?"

"La safari."

"Bado. Hata sijaangalia." Kisha, haraka: "Na ukisema nibaki, mwanangu, sitakulaumu."

Ni Jumapili ya pili tunasemezana kwa simu, na hajawahi kuniambia neno lolote juu ya nikisema aende. Kila mara ni nikisema abaki. Nilirudi kitandani nikalitafakari hilo, na kitanda kimelia sana.

Jumanne, tarehe 25

Tumefanya mazoezi na Nukta. Nimemrudishia hoja yake kila namna. Sivyo. Sivyo. Sivyo. Hafanyi kama Wakili. Yeye anasikitika kabisa kila akilisema. Nilimwomba anisaidie kidogo. "Siwezi," akasema. "Hujafika."

Alhamisi, tarehe 27

Mvua imerudi kwa fujo. Bado sijafika.

Jumamosi, tarehe 29

Naandika nyumbani, kwenye kitanda kisicholia. Nitaandika yote.

Wazazi walianza kuingia asubuhi na miavuli yao. Mama alikuja na Mama mdogo, aliyevaa kama anakwenda harusini na ambaye kabla ya kukaa alishamwambia mama yake Wakili kwamba nywele zake zinahitaji msaada. Mama alikaa safu ya pili. Alinipungia mkono kidogo. Alikuwa amekonda.

Mada yetu ilikuwa ya mwisho. Nukta alisimama, na kimya kingi kina mshindo mkuu, watu wote wakatulia. Alizungumza polepole, kwa sentensi zake fupi. Alipokuwa anamaliza, mvua ikashuka juu ya bati. Kocha hakuahirisha. Akaashiria viti vivutwe, wazazi wakatuzunguka kama watu wanaoota moto, mimi na Nukta katikati. Mama akawa karibu kiasi cha kuguswa.

Nikamrudishia Nukta. "Unasema mtoto atateseka mzazi akiwa mbali."

"Sivyo."

"Unasema hela hazilei mtoto."

"Sivyo."

Saa inakwenda. Mguu wangu, cha ajabu, ulikuwa umetulia. Nikamtazama Nukta, nikaacha kutafuta hoja, nikamtafuta yeye: yule mtoto aliyeamka akakuta viatu havipo mlangoni.

"Unasema kulia si kitu, kulia kunapita. Ubaya ni ile siku mtoto anapoacha kulia. Anazoea. Anajifunza kuishi bila mama yake, anajifunza vizuri, halafu mama anarudi na anakuta nafasi yake imeshajaa. Na hakuna aliyekosa adabu, hakuna wa kulaumiwa, lakini haifunguki tena."

Nukta alinitazama. Macho yalimlowa. "Ndivyo," akasema.

Baada ya hapo ikawa lazima nitetee. Nilikuwa nimeandaa uchumi wa Wakili, lakini haukutoka. Nilisema nina mama ambaye hupokea watoto wa watu, na kwamba mtoto akikataa kulia yeye anajua pa kumshika. Nikasema mtu anayejua kazi hivyo ana haki ya kutaka kuona kazi hiyo itamfikisha wapi, na mama hakuzaliwa siku alipotuzaa sisi, alikuwepo zamani. Nikasema mtoto anayempenda mzazi wake asiwe komeo la mlango. Sikuwa naigiza. Nilikuwa bado sitaki aende, na kila nilichosema kilikuwa kweli.

Filimbi. Kocha akaomba watu wapige kura kwa mikono. Ya kwangu ilikuwa michache. Ya Nukta ilijaa ukumbi. Na pale karibu, katikati ya mikono ile, niliuona mkono wa Mama. Ulikuwa juu, kwa Nukta.

Tulitoka wawili tu mpaka kwenye masinki ya kufulia, chini ya kibaraza, Mama mdogo akabaki ndani akigawa ushauri wa nywele. Uso wa Mama ulikuwa umesawijika.

"Basi umenijibu," akasema. "Mbele ya watu wote. Nitawaambia naenda."

"Mama, ule upande nilipewa. Hapa hatuchagui."

"Umesema vizuri mno kwa mtu aliyepewa."

"Na wewe umempigia kura Nukta."

Akafungua bomba, akalifunga. "Amesema ukweli yule mtoto."

"Ngoja nikurudishie," nikasema.

"Unirudishie nini?"

"Maneno yako. Nikikosea sema 'Sivyo,' nikipatia sema 'Ndivyo.' Ndiyo sheria ya hapa." Nikaanza. "Unataka kwenda."

"Ndivyo." Akaharakisha: "Sijui. Ndivyo."

"Unaogopa mimi nitateseka."

"Sivyo. Yaani, hilo lipo, lakini Mama mdogo wako atakutazama kuliko mimi wa zamu za usiku. Hilo halinikoseshi usingizi."

"Hata begi hujanunua. Unaogopa huko. Kwamba utafika, na mashine zao, na lugha yao, na utaonekana hujui kitu."

Alijishika mkono mmoja kwa mwingine. "Ndivyo."

"Kwa hiyo ukaniuliza mimi. Ulijua nitasema hapana. Ulitaka niseme hapana, ili usiende, na isiwe wewe uliyeogopa. Iwe mimi niliyekuzuia."

Mvua ilikuwa inamwagika kutoka kwenye bati kama mtu anamimina ndoo. Mama alitazama masinki, lile langu na lile la Nukta. Nikadhani atanigombeza, na kusema kweli ningestahili, si maneno ya kumwambia mama.

"Ndivyo," akasema.

Nilidhani nikipata "Ndivyo" hiyo nitafurahi kama siku ya Wakili. Badala yake nilimhurumia.

"Sasa nirudishie mimi," nikamwambia.

"Unataka niende."

"Sivyo."

"Unataka nibaki."

"Hiyo ni nusu, Mama."

Akafikiri. Akanitazama usoni, akanitengeneza kola, ingawa haikuwa imeharibika. "Unataka nibaki," akasema polepole, "na hutaki kuulizwa. Wewe ni mtoto, na mimi nilikutwika mzigo wangu pale langoni nikaondoka bila kugeuka."

"Ndivyo," nikasema, nikaanza kulia kama mtoto mdogo, naye akalia, tukawa tunasikika kuliko mvua. Mama mdogo alichungulia, akatuona, akarudi ndani bila neno. Sijapata kumwona akifanya hivyo.

Nilipokuwa nachukua begi langu, Kocha alinipita mlangoni. Alivua filimbi akanivika shingoni.

Jumapili, tarehe 30

Mama kanipikia uji mwenyewe. Hakuniuliza kitu. Amekuwa akizunguka nyumba nzima. Nadhani mguu huu nimeurithi kwake.

Jumatatu, tarehe 31

Asubuhi Mama aliingia chumbani kwake na simu, akafunga mlango. Niliketi sebuleni, mguu unashona. Nilisikia sauti yake, si maneno. Iliongea, ikanyamaza, ikaongea kwa haraka ile ya wodini.

Akatoka. "Nimewaambia ndiyo," akasema. "Naenda. Nimeamua mimi, na naogopa, na naenda."

Nilimwambia ni mbaya. Nilimwambia nikiungua na wali ni juu yake, na chumba cha nyuma kina nywele ukutani, na asitegemee nitapokea simu kila Jumapili. Nikaubamiza mlango wa chumba changu. Hakunifuata na kusema "mbona mbele za watu ulisema."

Jioni akabisha. "Cherehani, chakula."

"Nani kakwambia hilo jina?"

"Rafiki yako. Yule asiyesema."

"Sitaki kula. Nimekukasirikia."

"Ndivyo," akasema. Akaingia, akakaa kitandani pangu, na mimi nikaendelea kumkasirikia hapo hapo, kichwa changu kikiwa begani mwake.